Maji ya Majivu Nyumbani kwa Lenah

Waliokuwapo uani, Kamukuywa, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nne, mwaka 1951:

Lenah, mjane wa Wabwile, mwenye nyumba.
Nasambu, mamake Wabwile.
Wakhungu, mdogo wake Wabwile.
Agneta, jirani.
Bwana Kiptanui, mkaguzi wa afya.
Mimi, mwalimu wa shule, niliyeombwa kuandika.

Hakuwapo: Edah, bintiye Lenah, umri wa miaka minane, amelazwa hospitalini Kitale.

Niliandika majina hayo saa tatu asubuhi, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Kabla sijaeleza yaliyofuata, sina budi kueleza kilichotukusanya.

Edah alikuwa ameshikwa na homa majuma matano kabla ya siku hiyo. Ilimpanda siku tatu, ikamwacha hadi akadai uji na kutaka kurudi shuleni, kisha ikamrudia kwa ukali zaidi. Ilipomrudia mara ya tatu tulimpakia katika lori la mahindi mpaka Kitale. Huko walimpima damu, wakasema ni homa ya papasi: wadudu wanaoishi katika nyufa za sakafu ya udongo, ambao hutoka kumnyonya mtu aliyelala, kisha hurudi nyufani mwao. Hospitali ikataka barua ya kueleza mgonjwa ametoka nyumba gani. Barua hiyo niliiandika mimi. Nilisema, "Mtoto huyu ni wa nyumba ya Lenah, mjane wa Wabwile, Kamukuywa." Nakumbuka niliridhika nayo, kwa kuwa ilikuwa fupi na haikuwa na kosa lolote.

Jumanne Bwana Kiptanui alifika kwa baiskeli akiwa na karatasi ya idara ya afya. Alikuwa kijana mrefu, mpole wa sauti, na hakukubali hata maji ya kunywa.

"Ninawapa siku tatu," alimwambia Lenah. "Ijumaa ninarudi. Nikipata papasi mmoja aliye hai, mmoja tu, nyumba hii inachomwa. Fanyeni usafi mnavyojua. Lakini sakafu msiifunike. Nataka kuona nyufa kwa macho yangu."

Mtu wa mbali angeweza kudhani kwamba kilichokuwa hatarini ni kuta za udongo na paa la nyasi. Haikuwa hivyo. Wabwile alipofariki, ukoo ulikaa kumjadili mjane wake. Wakhungu alisimama akasema yuko tayari kumrithi. Lenah alikataa mbele ya wazee wote, jambo ambalo lilizua kelele nyingi, na mtu mmoja tu ndiye aliyesema aachwe. Mtu huyo alikuwa Nasambu, mama mkwe wake. Mwishoni wazee walikata shauri hivi: maadamu nyumba aliyoijenga Wabwile imesimama, Lenah atakaa humo na hakuna atakayemsumbua. Ikianguka, yule wa ukoo atakayemjengea nyingine ndiye atakayekuwa mwenye nyumba hiyo, pamoja na aliye ndani yake.

Jumatano, kabla umande haujakauka, Wakhungu alikuja na nguzo ishirini za mti mbichi, akazipanga nyuma ya ghala.

"Za nini hizo, shemeji?" Lenah alimwuliza.

"Za kukaa tu," alijibu Wakhungu. "Mti ukikatwa mapema unakauka vizuri."

Lenah aligeuka, akafunga kanga kiunoni, na kazi ikaanza.

Tulitoa kila kitu nje. Kwa kuwa ninapenda vitu vijulikane vilipotoka na vitakaporudi, niliviandika kimoja kimoja: kitanda kimoja cha mbao, godoro moja la majani, viti vitatu vya miguu mitatu, meza, sanduku la bati, vyungu vitano, vibuyu saba, koti la marehemu, na saa ya ukutani iliyosimama tangu mwaka aliofariki. Godoro lilichanwa na majani yake yakatiwa moto. Vibuyu vilisuguliwa ndani kwa mchanga wa mtoni, viti kwa majani ya msasa hadi mbao ikarudia weupe wake, na vyungu kwa jivu kavu na gunzi la mahindi.

Dawa kubwa ilikuwa maji ya majivu. Kila nyumba ya huku huyatumia kulainisha mboga, kwa hiyo kila mwanamke anajua kuyatengeneza. Maganda makavu ya maharagwe huchomwa, majivu yake hutiwa katika chungu chenye matundu chini, maji humiminwa juu polepole, na yanayodondoka huwa ya rangi ya chai. Kwa mboga, kijiko kimoja kinatosha. Lenah aliyarudisha maji hayo hayo katika majivu mapya mara tatu, hadi Agneta alipochovya vidole viwili, akavisugua pamoja na kuruka nyuma.

"Weh! Haya si ya mboga tena. Haya yanakula mtu."

"Ndiyo nayataka," Lenah alisema.

Aliyachemsha, akayamwaga yakitokota katika viungio vya kitanda, katika misingi ya kuta, na katika kila ufa wa sakafu alioutanua kwanza kwa ncha ya panga. Alifanya hivyo Jumatano nzima na Alhamisi hadi adhuhuri, akiwa amepiga magoti. Ngozi ya viganja vyake ilianza kuchubuka. Agneta alimpaka samli, lakini ndani ya dakika chache mikono ilikuwa imerudi katika ndoo.

"Ukimaliza hapa," Agneta alisema, akijaribu kumchekesha, "umwoshe na Bwana Afya mwenyewe. Pengine atacheka."

Lenah hakucheka. Alhamisi jioni alisaga maua makavu ya pareto aliyoletewa kutoka Kachibora, akayachanganya na jivu laini, akaujaza unga huo katika nyufa zote, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mahali pa kichwa cha kitanda mpaka mlangoni. Tulipoagana, sakafu ilikuwa imejaa mitaro na mashimo kama shamba lililopitiwa na fuko, kila shimo likiwa na unga wa kijivu ndani. Mkaguzi angeona alichotaka kuona.

Ijumaa, saa tatu asubuhi ikikaribia, Lenah alirudi kutoka mtoni na mtungi kichwani. Mimi nilikuwa nimetangulia kufika na daftari langu, nikamwona akisimama ghafla mlangoni. Mtungi ulitikisika, maji yakamwagikia bega. Nilisogea nikachungulia.

Sakafu yote ilikuwa imepakwa samadi mbichi. Iling'aa. Juu yake palikuwa na michoro ya vidole, nusu duara kwa nusu duara, kazi ya mkono uliozoea. Hapakuwa na ufa hata mmoja uliobaki wazi. Karibu na mlango, juu ya kipande cha ngozi ya ng'ombe alichokuja nacho ili magoti yasimwume, Nasambu alikuwa akimalizia pembe ya mwisho.

"Mama," Lenah alisema kwa sauti ndogo, "umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Mgeni wa serikali atakanyaga mashimo?" Nasambu hakuinua kichwa. "Watu waseme nyumba ya mwanangu ilipokea mgeni bila kupakwa? Nikiwa hai?"

"Alisema isifunikwe! Mama, alisema isifunikwe!"

Mikono ya yule mzee ilisimama. Jumanne alikuwa shambani, hakumsikia mkaguzi. Sisi sote tulidhani mwingine amemwambia. Kwa desturi yetu, mgeni mkubwa akitarajiwa, sakafu hupakwa asubuhi ile ile, na kwa Nasambu kuiacha hivyo lilikuwa jambo la aibu zaidi kuliko papasi. Alitazama kazi yake, akamtazama Lenah.

Agneta alikimbilia jembe. "Tuikwangue haraka, bado haijakauka!"

Lakini kengele ya baiskeli ililia njiani, na nyuma yake Wakhungu akaja akitembea bila haraka, amevaa shati la kwendea kanisani.

Bwana Kiptanui aliinama mlangoni. Alinusa. Alikaa ameinama kwa muda mrefu.

"Jumanne nilisema nini?" aliuliza.

"Ulisema isifunikwe," Lenah alijibu.

"Sasa nani amefunika?"

"Ni mimi," Nasambu na Lenah walisema kwa pamoja.

Wakhungu alicheka puani. "Ati wawili! Bwana Afya, si unaona? Mtu hafuniki kitu kizuri."

"Wewe nani?"

"Mimi ndugu ya marehemu."

"Basi, ndugu ya marehemu, ngoja uulizwe."

Mkaguzi alifungua mkoba wake, akatoa sinia tatu nyeupe, chekecheke, mwiko mdogo wa chuma na sindano ndefu. Akasema kwamba kwa kuwa amefichwa nyufa, atachagua mwenyewe pa kupasua. Alipasua mahali pa kichwa cha kitanda, akapasua kwenye mguu wa nguzo ya kati, kisha akapasua mlangoni, pale pale Nasambu alipokuwa amepiga magoti. Kila mahali alichota udongo wa juu na wa chini, akauchekecha juu ya sinia yake. Aliziweka sinia zote tatu juani, juu ya meza iliyokuwa bado uani.

"Papasi ana hila," alieleza, akinitazama kwa sababu nilikuwa naandika. "Ukimgusa anakunja miguu, anajifanya mchanga. Unaweza kumtazama saa nzima usimjue. Lakini jua likimchoma hawezi kuvumilia. Lazima atembee."

Tukazunguka meza. Sinia ya kwanza ilikuwa na vitu vitano vya mviringo, vya kahawia, mfano wa punje za mtama. Sinia ya pili ilikuwa na viwili. Katika ya tatu hatukuona kitu ila mchanga na vipande vya samadi.

Wakati huo wingu lilishuka kutoka upande wa Mlima Elgon, likafunika uwanja. Bwana Kiptanui alikunja mikono. "Tungoje."

Tulingoja. Samadi ilianza kukauka katika vidole vya Nasambu. Lenah alikuwa ameficha viganja vyake kwapani, na nilijua vilikuwa vinamwuma kwa namna alivyokuwa akibadili mguu wa kusimamia. Wakhungu alienda nyuma ya ghala. Tukamsikia akigonga nguzo moja kwa kiganja, kama mtu anayepima ukavu. Akarudi. Hakuna aliyemtazama.

Jua lilitoka. Mkaguzi aliinamia sinia ya kwanza, akazigusa zile punje tano kwa sindano, moja moja. Zilivunjika kama ganda la yai. "Wamekufa," alisema. Akaenda ya pili. "Hawa pia. Mama, ulitumia nini?"

"Maji ya majivu. Na pareto."

"Ni kazi nzuri." Alisema hivyo kwa heshima, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne niliona mabega ya Lenah yakishuka.

Kisha Agneta akashika mkono wangu. Katika sinia ya tatu, chembe moja ya samadi ilikuwa inatembea.

Ilitembea polepole, ikasimama, ikaendelea hadi ukingoni. Bwana Kiptanui aliigeuza kwa sindano, na sote tukaona miguu.

"Mwalimu, andika," alisema bila furaha. "Mmoja, hai, mlangoni."

Niliandika. Wino ulinidondoka juu ya neno "hai" na sikuupangusa. Wakhungu alivuta pumzi, akarekebisha kola ya shati lake. "Basi, shemeji," alisema kwa upole uliozidi, "usilie. Nguzo zipo."

"Sijalia," Lenah alisema.

Mkaguzi alikuwa ametoa fomu yake na kalamu. Aliijaza kwa kuuliza: jina la mwenye nyumba, jina la mgonjwa, umri. Kisha akauliza, "Mgonjwa alikuwa akilala wapi ndani ya nyumba?"

"Alilala na mimi," Lenah alijibu upesi.

Sijui ni nini kilinifanya nifunue kurasa za nyuma. Pengine ni mazoea yangu ya kulinganisha jibu na kumbukumbu. Niliisoma upya orodha ya vitu tulivyovitoa. Kitanda kimoja. Godoro moja. Hapakuwa na mkeka wa mtoto, wala godoro la pili, wala nguo za kulalia. Mimi ni mtu wa hapa. Dada zangu wote, walipoota meno ya pili, walihamia kulala kwa bibi, kwa kukhu, kama tunavyomwita. Kila msichana wa huku hufanya hivyo. Hula kwa mamake, hufua kwa mamake, na jua likizama huenda kwa kukhu. Ni jambo la kawaida mno hata hakuna anayelitamka. Nami, niliyesomea chuoni kuuliza maswali kwa utaratibu, nilikuwa nimeandika barua bila kuuliza mtoto analala wapi.

Niliinua macho. Lenah alikuwa akinitazama. Alitikisa kichwa mara moja tu, kidogo sana, na hapo nikaelewa kwamba alijua tangu mwanzo. Alikuwa amechoma mikono yake kwa siku mbili katika nyumba ambayo haikumpa mtoto homa, akitumaini mkaguzi ataridhika na kwenda zake, ili asivuke uwanja na kugonga mlango wa yule mzee aliyemtetea peke yake.

Bwana Kiptanui aliona tukitazamana. "Mwalimu, wewe ni mwenyeji. Ni kweli mtoto alilala hapa?"

Ningesema kweli, ningechoma nyumba ya Nasambu. Ningenyamaza, ningemkabidhi Lenah kwa Wakhungu. Nilishika kalamu. Nilikohoa.

"Mwache mwalimu," Nasambu alisema. "Anaumia bure."

Aliingia mlangoni, akaokota kile kipande cha ngozi, akakileta hadi mezani.

"Mtoto analala kwangu. Nyumba ile pale, ya nyuma. Analala juu ya ngozi hii. Leo nimekuja nayo kupigia magoti."

"Mama, nyamaza," Lenah alisema.

"Ninyamaze mpaka lini? Umemdanganya mtu wa watu nikisikia." Akamgeukia mkaguzi. "Kung'uta."

Bwana Kiptanui alisafisha sinia moja kwa kitambaa, akaikung'utia ngozi juu yake, akaiweka juani. Safari hii hatukungoja. Watatu walianza kutembea karibu mara moja. Alichukua mwiko wake, akavuka uwanja, akaingia nyumba ya nyuma. Alitoka kabla sijamaliza kuandika mstari mmoja, akipangusa mikono.

"Kule wamejaa," alisema. Alirudi kwenye sinia ya tatu, akamgeuza yule wa kwanza chali, kisha kifudifudi. "Huyu ana samadi mbichi mgongoni. Hakutoka chini ya sakafu. Ameanguka leo." Akakata mstari katika fomu, akaandika upya. "Sheria inasema inayochomwa ni nyumba alimolala mgonjwa. Nyumba hii ya mbele ni safi."

"Ngoja kwanza, bwana," Wakhungu alisema. "Si yule alikuwa hai? Umesema mmoja tu!"

"Nimesema. Na sasa nasema ametoka kwenye ngozi. Unataka nimwulize yeye?"

Agneta aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga. Lenah hakucheka. Alikuwa amemshika Nasambu mkono, viganja vilivyochubuka juu ya vidole vya samadi.

"Nitaiosha na yako," alikuwa akisema. "Bwana Afya, tupe siku tatu nyingine. Majivu bado yapo. Pareto bado ipo."

"Nyumba ile ina miaka mingapi?" mkaguzi aliuliza.

"Aliijenga baba yao," Nasambu alisema. "Wabwile alizaliwa humo. Na huyu." Alimwonyesha Wakhungu kwa kidevu. Aliitazama ile nyumba ya nyuma, paa lake lililoinama upande mmoja. Kisha akajinyoosha, na alipozungumza alitamka kama mtu aliye mbele ya baraza, ili kila mtu aliyekuwapo asikie.

"Mwalimu, andika. Lenah hatagusa tena maji yale. Mikono yake imetosha. Nyumba yangu ichomwe leo, jua likiwa bado juu. Mimi na Edah akirudi tutalala katika jiko la Lenah mpaka nyingine ikamilike. Na nyingine nitajengewa na mwanangu aliyebaki, kwa maana ndiyo kazi ya mtoto kwa mamake. Wakhungu, nguzo zako ishirini nimezihesabu Jumatano. Zinanitosha. Zitoe nyuma ya ghala, uanze kuchimba mashimo."